Gunia la Arobaini na Moja

Desemba ishirini na saba, duka la ushirika, Sejny.
Mlangoni kibao: REMANENT,
yaani tunahesabu, msitusumbue.
Shangazi Zdzisława amevaa glavu zilizokatwa vidole,
mimi nimeshika penseli, nina miaka kumi na minne,
na bwana Wasiak, mkaguzi kutoka Białystok,
ameivua kofia yake na kuiweka juu ya mizani.
Mizani ikasema: gramu mia mbili na kumi.
Hakuna aliyeandika.

Misumari, sawa. Viberiti, sawa.
Sabuni ya kufulia, sawa,
ingawa panya ameonja mche mmoja.
Sukari: daftari linasema arobaini.
Nikahesabu. Arobaini na moja.
Nikarudia kwa kugusa kila gunia,
kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kuvuka barabara.
Arobaini na moja.

"Rozbieżność," akasema mkaguzi,
na neno likatoka na mvuke, maana jiko lilikuwa limezima.
Nilidhani ni jina la ugonjwa.

Akanieleza bila kuinua macho:
mbwa na paka wana tofauti, na hakuna anayeita mkaguzi.
Chumvi na sukari, tofauti.
Mimi na jirani yangu mwenye trekta, tofauti kubwa.
Neno hili litunzie vitu viwili
vilivyoapa kuwa kimoja:
daftari na rafu,
saa ya kanisa na saa ya stesheni,
mtu na picha ya kitambulisho chake.
Lisikilize, ndani yake mna kukimbia:
wawili wametoka mlango mmoja,
na hakuna aliyeona walipoachana.

Kikipungua, tunaita manko.
Manko ina fomu, ina polisi, ina hakimu.
Kikizidi, tunaita superata.
Akapekua mkoba, akapata fomu moja ya superata,
imekunjika, ya mwaka juzi.
"Kilichopungua kina mwizi," akasema.
"Kilichozidi kina nani?"

Shangazi alikuwa anafuta mizani iliyokwisha kung'aa.

Ndipo bwana Wasiak akaiendea kofia yake.
"Hii," akasema, "nimeiweka juu ya mizani zote
kuanzia Łomża hadi mpakani.
Ina gramu mia moja na tisini.
Hainenepi."

Akapindua sahani ya mizani.
Chini yake, kipande cha sabuni, kikavu kama mfupa,
kimeganda tangu sijui lini.
Na sindano, ambayo siku zote ilisimama
unywele mmoja kulia kwa sifuri,
ikarudi kushoto, ikatulia.
Mimi nilidhani kule ndiko sifuri inakokaa.

Gramu ishirini, kila kilo, kila kadi ya mgao.
Gunia lile lilikuwa la mji mzima:
keki ya ubatizo iliyokosa utamu,
chai ya mzee Hryniewicz,
jemu ya plamu iliyochacha Septemba
na wenyewe wakailaumu mvua.

Sijui kama shangazi alijua.
Hata leo, nikifika hapo, penseli yangu inasimama.
Najua tu kwamba Januari yote,
baada ya kupima, baada ya sindano kutulia,
aliongeza kijiko kimoja kilichojaa
na kufunga karatasi haraka, uso mwekundu.

Watu wakaanza kunong'ona.
Amekuwaje huyu? Anaficha nini?
Upungufu walikuwa wameuzoea,
haukuwa na jina, ulikuwa sukari.
Ziada ndiyo iliyowanyima usingizi.

Siku ya tatu mjane Krejczman akarudi
na kijiko kimoja cha sukari ndani ya bahasha.
"Zdzisława," akasema, "umekosea."

Shangazi akaiweka bahasha juu ya mizani.
Wote watatu tukainama kusoma.